Kutumia Mfano wa Tambukareli Darasani: Ujenzi, Upakaji Rangi na Ufundishaji Wake

Utangulizi

Miongoni mwa zana za kufundishia, vitu halisi hushika nafasi ya kwanza. Mwalimu anayefundisha juu ya mbegu hana haja ya kuchora mbegu ikiwa mbegu yenyewe yapatikana. Lakini viko vitu halisi ambavyo haviwezi kuletwa darasani, wala si busara kulipeleka darasa likavichunguze kwa karibu. Tambukareli, yaani mahali ambapo barabara hukatana na reli kwa usawa mmoja, ni kimojawapo. Hapo ndipo mfano wa kuundwa kwa mikono unapochukua nafasi ya kitu halisi.

Katika makala haya twakusudia kueleza jinsi mfano wa tambukareli unavyoweza kuundwa na kupakwa rangi chuoni kwa vifaa vya bei ndogo, na jinsi mwanachuo anavyoweza kuutumia kufundishia Darasa la Nne. Hoja yetu kuu ni kwamba mfano hufundisha kwa vipimo vyake. Mfano uliopambwa vizuri lakini ukakosa vipimo vya kweli humfanya mtoto afurahi, kisha humwacha na mawazo yaleyale aliyokuja nayo.

Haja ya Somo Hili

Reli ya Kati ilianza kujengwa Dar es Salaam mwaka 1905 ikafika Kigoma mwaka 1914. Reli ya TAZARA, yenye urefu wa kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi nchini Zambia, ilijengwa katika miaka ya 1970. Kandokando ya njia hizi imestawi miji, masoko na shule, na watoto wengi huvuka reli kila siku ya masomo. Reli mpya ya umeme, ambayo ilianza kuchukua abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro mwezi Juni 2024, imejengwa pamoja na madaraja na njia za kupita chini yake. Hata hivyo, reli za zamani zingali na tambukareli zake, na nyingine hazina kizuizi wala mlinzi.

Wanachuo wanapokwenda kwenye mazoezi ya kufundisha, aghalabu hukuta kosa moja la mawazo kwa watoto: wao hudhani kwamba dereva wa treni akimwona mtu mbele yake atasimama. Dhana hii ina asili yake. Mtoto amezoea kuona basi likipungiwa mkono likasimama. Kwa nini treni nayo isisimame? Kumwambia kwamba reli ni hatari hakuiondoi dhana hiyo, kwa sababu mtoto anakubali kuwa kuna hatari, ila anaamini kuwa yuko mtu mzima ndani ya treni atakayeizuia. Somo letu halina budi kuligusa kosa lenyewe.

Kuchagua Skeli

Katika Ulaya na Marekani, kuunda reli za mfano ni burudani ya watu wazima na watoto tangu zamani. Kampuni ya Märklin ya Ujerumani ilionyesha treni za kuchezea zenye njia za vipimo maalumu huko Leipzig mwaka 1891. Skeli iliyoenea zaidi siku hizi huitwa HO, nayo ni 1:87. Njia yake ina upana wa milimita 16.5, kwa kuwa milimita 1,435 za reli ya kawaida ya huko zikigawanywa kwa 87 hutoa jibu hilo.

Skeli hiyo haifai darasani kwetu. Ni ndogo mno kwa watoto 50 kuiona, na vifaa vyake ni vya kununua kutoka ng'ambo. Twapendekeza skeli ya 1:20. Reli ya Kati ya zamani ina upana wa mita moja, kwa hiyo katika mfano njia itakuwa na sentimita 5 kamili. Mtoto wa Darasa la Nne aweza kufanya hesabu hii mwenyewe. Vipimo vingine ni hivi:

Urefu wa taruma: mita 1.8 hadi 2. Katika mfano sentimita 9 hadi 10.
Upana wa barabara: mita 6, katika mfano sentimita 30.
Upana wa behewa: mita 2.7 hivi, katika mfano sentimita 13.5.
Urefu wa gari dogo: mita 4, katika mfano sentimita 20.
Urefu wa baiskeli: mita 1.8, katika mfano sentimita 9.
Kimo cha mtoto: sentimita 120; katika mfano sentimita 6.

Chuo kilicho karibu na TAZARA, ambayo njia yake ina milimita 1,067, kitatumia milimita 53 badala ya 50. Vipimo hivi tumeviandika hapa makusudi ili mwanachuo asiende relini na futi kamba mkononi.

Ujenzi

Vifaa vinavyohitajika ni ubao wa plaiwudi wa sentimita 120 kwa 80, mabaki ya mbao laini na ngumu kutoka karakana, maboksi magumu, gundi ya mbao, misumari midogo, plasta ya jasi, msasa, rangi na tepu ya karatasi. Kazi ifuate hatua hizi.

1. Msingi. Pigilia mbao mbili chini ya plaiwudi, kisha upake rangi pande zote mbili. Ubao usiopakwa hunywa maji ya plasta ukapinda, na reli zikapinda nao.

2. Mataruma. Kata vipande 34 vyenye urefu wa sentimita 10, upana wa milimita 12 na unene wa milimita 7. Vigundishe kwa kuachana sentimita 3.5 kutoka katikati ya kimoja hadi katikati ya kingine.

3. Reli. Tumia mbao ngumu, mathalani mninga, zilizopasuliwa kuwa na kimo cha milimita 7 na upana wa milimita 4. Andaa kigezo cha mbao chenye upana wa sentimita 5 kamili, ukiweke kati ya reli mbili kila unapopigilia msumari. Upana wa njia hupimwa kutoka uso wa ndani wa reli moja hadi uso wa ndani wa ile ya pili.

4. Behewa. Kila gurudumu liundwe kwa visahani viwili vilivyogundishwa pamoja: kimoja cha kipenyo cha milimita 42 kinachokanyaga reli, na kingine cha milimita 50 na unene wa milimita 3 kinachotokeza upande wa ndani. Sehemu hiyo inayotokeza ndiyo ukingo wa gurudumu, nao ndio unaoizuia treni isiache njia. Lisukume behewa kutoka mwanzo hadi mwisho wa ubao kabla ya kuendelea. Likikwama sasa, ni rahisi kurekebisha. Likikwama baada ya plasta kukauka, kazi yote itabomolewa.

5. Barabara ya kati ya reli. Hapa ndipo penye ufundi wa tambukareli. Barabara haiwezi kujaza nafasi yote baina ya reli mbili, kwani ukingo wa gurudumu unahitaji mahali pa kupita. Kwa hiyo kando ya kila reli, upande wa ndani, huachwa mfuo. Kata kipande cha mbao chenye urefu wa sentimita 30, upana wa milimita 38 na unene wa milimita 6, ukigundishe juu ya mataruma katikati kabisa. Kila upande utabaki mfuo wa milimita 6, na uso wa kipande utakuwa chini ya uso wa reli kwa milimita moja. Tofauti hiyo ndogo ni lazima, maana barabara ikiwa juu kuliko reli, magurudumu yatapanda barabara. Ncha mbili za kipande zichongwe kwa mteremko ili kitu chochote kinachoning'inia chini ya behewa kisijigonge.

6. Barabara ya nje ya reli. Panga tabaka za boksi kuanzia ukingo wa ubao zikipanda polepole hadi milimita 13 karibu na reli. Upande wa nje barabara yaweza kugusa reli, kwa sababu hakuna ukingo wa gurudumu unaopita huko. Koroga plasta iwe kama uji mzito, ipake juu ya maboksi, isawazishe kwa rula, na ufute reli kwa kitambaa chenye maji kabla haijagandamana. Iachwe ikauke siku nzima, kisha ipigwe msasa. Sukuma behewa tena.

Yapasa kuzungumzia upana wa mfuo. Katika reli halisi mfuo huu huwa na sentimita 6.5 hivi. Kwa skeli yetu ungekuwa na milimita 3 na kidogo tu, lakini tumeukata wa milimita 6. Sababu yake ni kwamba ukingo wa gurudumu la mbao hauwezi kuwa mwembamba kama wa chuma. Hata mafundi wa skeli ya HO hukabiliwa na jambo hilohilo: hesabu huwapa mfuo usiofika milimita moja, nao hulazimika kukata wa milimita moja na zaidi. Mwanachuo anapaswa kujua ni kipimo gani amekibadilisha na kwa nini, na awaambie wanafunzi wake wazi.

Kupaka Rangi

Rangi ipakwe kwa mfuatano: barabara kwanza, kisha reli na mataruma, mwisho michoro na alama.

Barabara ya lami isipakwe rangi nyeusi tupu. Lami mpya ni nyeusi, lakini jua na vumbi huigeuza kuwa ya kijivu. Changanya nyeusi na nyeupe, ongeza tone la rangi ya udongo, kisha paka mara mbili kwa wepesi. Ikiwa barabara ya kijiji ni ya udongo, hakuna rangi inayoshinda udongo wenyewe: chekecha udongo mkavu kwa kitambaa, paka gundi iliyozimuliwa kwa maji, mwagia udongo juu yake, na ikikauka pangusa uliobaki. Watoto wataitambua barabara yao bila kuambiwa.

Kipande cha kati kipakwe rangi ya mbao iliyochakaa, na mistari ya penseli ionyeshe mbao zilizopangwa. Pande za reli zipakwe rangi ya kutu, lakini uso wa juu ufutwe mara moja, kwa kuwa reli inayopitiwa na treni kila siku hung'aa. Jambo hili lafaa kufundishwa kwa watoto: reli yenye uso unaong'aa ni reli inayotumika, hata kama hakuna treni inayoonekana.

Mstari mweupe wa kusimamia uchorwe kwa tepu. Bandika vipande viwili vya tepu vikiachana milimita 15. Paka kwanza kingo za tepu kwa rangi ileile ya barabara, ikauke, ndipo upake nyeupe. Ile rangi ya kwanza huziba nafasi zilizo chini ya tepu, na nyeupe haivuji. Bandua tepu kabla nyeupe haijakauka kabisa, ukiivuta polepole.

Mstari huo ukae wapi? Maelekezo ya Marekani huuweka mita 4.5 hivi kutoka reli ya karibu, nazo kwa skeli yetu ni sentimita 22.5. Pasipo na mstari katika tambukareli ya jirani, tutumie kipimo hicho. Watoto wataona ni mbali mno, na hapo behewa litawajibu: lina upana wa sentimita 13.5 ilhali njia yake ni sentimita 5, hivyo kila upande linatokeza nje ya reli zaidi ya sentimita 4. Katika reli halisi hizo ni zaidi ya sentimita 80. Anayesimama karibu na reli akidhani magurudumu hayatamfikia, atafikiwa na behewa.

Alama ya msalaba iliyo mfano wa herufi X ikatwe kwa karatasi ngumu na kusimamishwa kando ya barabara. Rangi na maandishi yake yafuate alama iliyopo katika tambukareli ambayo watoto wanaipita.

Somo Lenyewe

Twapendekeza vipindi viwili vya dakika 40. Lengo ni kwamba kila mwanafunzi aweze kueleza kwa nini treni haiwezi kumsimamia, na aonyeshe hatua za kuvuka salama.

Hatua ya kwanza: jicho la mtoto. Darasa hulitazama ubao kutoka juu, na kutoka juu kila kitu huonekana. Barabarani mtoto haoni hivyo. Weka kichaka cha katani kando ya reli, na behewa nyuma yake. Waite watoto mmoja mmoja wapige magoti, waweke jicho sentimita 6 juu ya barabara, kimo cha mtoto wa mfano. Uliza: "Unaona nini?" Kisha mtoto asogee mpaka atakapoliona behewa, na pale alipo patiwe alama kwa chaki. Wenzake watapima amebakiza umbali gani kufika relini.

Hatua ya pili: mwendo. Treni iendayo kilomita 90 kwa saa hupita mita 25 kila sekunde. Katika mfano ni sentimita 125. Ubao wetu una sentimita 120. Kwa hiyo treni huupita wote kwa muda usiofika sekunde moja. Mwalimu alivute behewa kwa uzi kwa mwendo huo, darasa likihesabu kwa sauti. Hawatafika mbili. Ni vema mwalimu ajizoeze mapema, maana mkono hupenda kwenda polepole.

Hatua ya tatu: uzi wa breki. Hili ndilo kiini cha somo. Gari dogo lenye breki nzuri, kwa mwendo huo wa kilomita 90 na barabara kavu, husimama kwa mita 70 hivi. Katika mfano ni mita 3.5. Mtoto mmoja ashike uzi huo kutoka tambukareli. Utaishia ndani ya darasa. Treni nzito ya mizigo katika mwendo huohuo huhitaji kilomita moja na zaidi. Tuchukue kilomita moja tu, nayo katika mfano ni mita 50. Mwanafunzi mwingine ashike ncha ya uzi wa pili aanze kutembea kufuata mwelekeo wa reli. Atafika ukutani, na uzi ungali mwingi. Mwalimu amwelekeze atoke mlangoni, apite uwanjani, mpaka uzi uishe. Darasa zima litoke limwone alipo. Hapo mwalimu aseme: "Pale ndipo dereva anaposhika breki. Je, aliyepo kwenye tambukareli anamwona?"

Tumeshuhudia somo hili likifundishwa kwa picha ubaoni na kwa uzi. Kwa picha, watoto walijibu vizuri kwamba treni huchelewa kusimama, kisha mmoja akauliza kama dereva hawezi kupiga breki kwa nguvu zaidi. Kwa uzi, swali la namna hiyo halikuulizwa. Waliuliza kwa nini chuma kiteleze hivyo. Swali hili la pili ni la sayansi, na mwalimu awe tayari kulijibu: gurudumu la chuma hugusa reli ya chuma kwa eneo dogo kama sarafu, na msuguano baina yake ni mdogo. Msuguano huo mdogo huiwezesha injini moja kuvuta mabehewa mengi, na ndio huohuo unaoichelewesha treni kusimama.

Hatua ya nne: kuvuka. Watoto waonyeshe kwa mwanasesere wa sentimita 6: simama nyuma ya mstari; tazama pande zote mbili; sikiliza; vuka moja kwa moja bila kusimama. Treni ikiisha kupita, subiri uone kama kuna nyingine nyuma yake au njia ya pili. Mwenye baiskeli ashuke aikokote, akiikata reli kwa pembe mraba. Watoto wakiuliza sababu, waonyeshwe mfuo: tairi la baiskeli lenye upana wa sentimita 4 hivi huzama katika mfuo halisi wa sentimita 6.5 likanaswa.

Mambo ya Kuepuka

Kwanza, mwalimu asiigongeshe treni na gari la mfano ili kuonyesha ajali. Watoto watacheka na kuomba irudiwe, na kitu kinachoombwa kurudiwa kimekwisha kuwa mchezo. Treni ipite, na mwanasesere awe bado amesimama nyuma ya mstari.

Pili, asitumie kipindi kizima kusifu mfano. Nyumba, miti na ng'ombe vinaweza kuongezwa na watoto wenyewe wakati wa kazi za mikono, mradi vifuate skeli. Ng'ombe mkubwa kuliko behewa huvuruga mafunzo yote ya vipimo.

Tatu, asimalizie kwa katazo peke yake. Mtoto ambaye shule yake iko ng'ambo ya reli hana budi kuvuka. Tumfundishe namna ya kuvuka.

Tathmini na Zoezi kwa Wanachuo

Wanafunzi wajibu kwa maneno yao: kwa nini mfuo huwekwa upande wa ndani wa reli tu? Kwa nini mstari wa kusimamia uko mbali na reli? Uzi wa treni ni mara ngapi ya uzi wa gari dogo? Jibu la swali la mwisho ni mara 14 na zaidi.

Wanachuo nao wafanye kazi ifuatayo kwa vikundi:

1. Kokotoeni upya vipimo vyote vya mfano kwa reli yenye upana wa milimita 1,435, kisha mweleze kama ubao wa sentimita 80 bado unatosha.

2. Pimeni uwanja wa shule mtakayofundisha. Ikiwa hauna mita 50 zilizonyooka, chagueni skeli nyingine inayotosha uwanja huo, nanyi mtaje vipimo vitakavyobadilika.

3. Andaeni andalio la somo la vipindi viwili mkionyesha ni wakati gani hasa uzi utatolewa, na ni nani atakayesimama mlangoni kuwaangalia watoto wanapotoka nje.